Kabla ya Kumeza cha Pili: Mwongozo wa Dawa kwa Watu wa Maduarani

Ukitoka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, huko Mwakitolyo, Shinyanga, jioni, mgongo umekaza, pua imeziba kwa vumbi la karasha, ile mashine ya kuponda mawe, na tumbo linasokota, duka la dawa haliko mbali. Unamwita muuzaji "dokta", unamweleza shida zote tatu kwa mkupuo, naye anakata vidonge viwili vitatu kutoka kila karatasi, anavitia kwenye kibahasha na kuandika 1x3 kwa kalamu. Jina la dawa limebaki kwenye kile kipande kilichorudi kabatini. Wewe unaondoka na vyeupe, vya njano na vya waridi, na ukiulizwa kesho umemeza nini utajibu: "Za mafua, za tumbo na za mgongo."

Jibu hilo halitoshi. Dawa tatu zilizonunuliwa kwa shida tatu zinaweza kuwa zinafanya kazi moja mwilini, na hapo umemeza dozi mara tatu bila kujua. Kundi moja la dawa lenye mtego huo madaktari huliita antikolinejiki. Kwa kuwa karibu zote hukausha mate na jasho, humu nitaziita dawa za kukausha.

Zimejificha wapi

Klofeniramini, ile tuliyoizoea kwa jina la Piriton, ni mojawapo. Kwenye boksi utaona limeandikwa chlorpheniramine, na kapsuli nyingi za mafua zimeichanganya na paracetamol bila jina la Piriton kuonekana popote. Promethazini ya mzio na kichefuchefu, yaani Phenergan, ni ya humohumo. Buscopan ya msokoto wa tumbo pia. Imo amitriptilini inayotolewa kwa sonona na maumivu ya neva, na ambayo wengine huitafuta kwa ajili ya usingizi tu. Klopromazini au Largactil na benzeksoli au Artane za wagonjwa wa akili. Difenhidramini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Na siproheptadini, ambayo dada zetu huinunua ili wale sana na kujaza mwili.

Hakuna kati ya hizi iliyo sumu ukiitumia inavyopaswa. Buscopan imewaondolea watu wengi maumivu, na mgonjwa wa akili anayetetemeka kwa sababu ya sindano zake anaihitaji Artane yake. Tatizo ni hesabu. Klofeniramini ya miligramu 4, kwa mfano, mtu mzima asizidishe miligramu 24 kwa siku, yaani vidonge sita. Anayemeza Piriton asubuhi, kapsuli ya mafua mchana na "ya usingizi" usiku hajui amefika wapi kwenye hesabu hiyo. Na ile paracetamol iliyomo kwenye kapsuli nayo ina kikomo chake, gramu 4 kwa siku, sawa na vidonge vinane vya miligramu 500. Ukiongeza Panadol juu yake unaweza kuliumiza ini huku unadhani unatibu kichwa.

Zinafanyaje kazi

Neva haigusi tezi wala msuli moja kwa moja. Mwishoni mwake hutoka kemikali inayobeba ujumbe, na mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini. Otto Loewi alilionyesha jambo hili mwaka 1921 huko Graz, Austria. Aliisisimua neva inayopunguza mwendo wa moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyatia kwenye moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa neva yake haikuguswa. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Mtu wa duarani hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Aliye chini anatikisa kamba, aliye juu anahisi, anavuta. Dawa ya kukausha haikati kamba wala haimzuii wa chini kutikisa. Inakaa pale ambapo mkono wa aliye juu ulipaswa kushika. Kamba inacheza, hakuna anayevuta. Kidonge cha kwanza kinachukua nafasi chache. Cha pili cha kundi hilohilo, hata kikiwa na jina jingine na rangi nyingine, kinachukua zilizobaki.

Ndiyo maana dalili zake hufuatana. Mdomo unakauka mpaka ulimi unagandamana na kaakaa. Mboni za macho zinatanuka, herufi za karibu zinafifia na jua linachoma macho. Matumbo yanalegea, choo kinagoma. Kibofu kinajaa lakini mkojo hautoki, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuishia kuwekewa mpira. Moyo unakwenda mbio. Dawa ikifika kwenye ubongo, mtu anasinzia au anachachamaa, anasahau, anaona wasioonekana. Buscopan haiingii sana kwenye ubongo, ndiyo maana mara nyingi haileti usingizi. Ila kwenye moyo, utumbo na kibofu inahesabiwa kama wenzake.

Mwenye presha ya macho, yaani glakoma, amwambie muuzaji kabla ya kununua chochote cha kundi hili. Kuna aina ya ugonjwa huo ambapo mboni ikitanuka, presha hupanda ghafla na jicho linaweza kupofuka.

Kabla ya kushuka

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu maboksi ya dawa huandikiwa watu wote duniani na hakuna aliyemwandikia mtu anayeshuka shimoni kwa kamba.

Tezi za jasho huamshwa na asetilikolini ileile. Ukizizuia, jasho linapungua au linakata. Chini ya duara hewa ni finyu, joto ni kubwa, unapiga mwamba kwa nyundo, na njia kuu ya mwili kujipoza ni hilo jasho. Likikata, joto la mwili linapanda bila breki, na likivuka nyuzi 40 ubongo unaanza kuvurugika. Wenzako wataona mtu aliyekuwa akifanya kazi vizuri anaanza kuongea ovyo, ngozi yake ya moto na kavu. Watasema malaria imempanda kichwani. Huenda ni kweli, na kipimo cha malaria afanyiwe. Lakini ngozi kavu isiyo na tone la jasho kwenye joto lile, mboni zimetanuka na ulimi mkavu kama unga, hizo ni dalili za kuuliza pia alimeza nini.

Halafu kuna usingizi wa klofeniramini, promethazini na amitriptilini. Usingizi huo hauishi unapoamka. Kwa mtu mzima klofeniramini huchukua saa 20 hivi ili nusu yake tu iondoke kwenye damu. Uliyomeza saa mbili usiku bado imo unapokamata kamba asubuhi. Macho yanaona ukungu, mikono inachelewa. Sheria yangu ni fupi: ukimeza dawa yenye kusinzisha, siku hiyo na kesho yake asubuhi fanya kazi ya juu. Usishuke, usiendeshe bodaboda ya kurudi Solwa au Kahama, usisimame kwenye karasha. Najua hesabu ya zamu na mgao wa viroba vya mawe haimsubiri mgonjwa. Mweleze msimamizi ukweli. Duara linamhitaji mtu anayeona vizuri.

Ukiwa na mzio au mafua ya mzio na lazima ufanye kazi, muulize mtoa dawa kuhusu loratadini au setirizini. Hizi nazo hutuliza mzio, zinakausha kidogo sana na hazisinzishi kama zile, ingawa setirizini inawasinzisha baadhi ya watu. Ijaribu kwanza siku usiyoshuka.

Gongo na vidonge vya mgongo

Pombe ya viroba vya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Machi 2017, lakini gongo haijawahi kuomba kibali. Pombe na promethazini kila kimoja hupunguza ukali wa ubongo. Vikikutana, mtu anaweza kulala asiamke akitapika, na matapishi yakamziba njia ya hewa. Tramadoli iliyoletwa kwa ajili ya mgongo ikiongezwa hapo, hata kupumua kunapungua. Tramadoli pamoja na amitriptilini inaongeza pia hatari ya kupata degedege la mtu mzima, hata kwa asiyekuwa na kifafa. Mchanganyiko huo usiufanye bila daktari, tena daktari mwenye cheti.

Mengine niyapitie haraka. Diklofenaki ukiwa huna maji mwilini inaumiza figo, na ukiichanganya na aspirini au Hedex inachubua tumbo. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri asimeze dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini kwa wakati mmoja nazo. ARV zitangulie kwa saa mbili, au zisubiri saa sita baada ya dawa ya kiungulia. Rifampisini ya kifua kikuu inapunguza nguvu za dawa nyingi, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na hiyo dolutegraviri yenyewe, kwa hiyo anayekutibu TB lazima ajue kila unachomeza. Kuhusu unga wa nguvu za kiume usio na lebo, sina ushauri wa namna ya kuuchanganya, maana hakuna anayejua ndani yake mna nini.

Kikohozi kinastahili aya yake. Dawa ya maji yenye difenhidramini inakinyamazisha, na mchimbaji wa mwamba ni mtu wa vumbi la silika, vumbi ambalo linaufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, acha kununua chupa. Peleka makohozi yakapimwe. Matibabu ya TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Vivyo hivyo anayechoma dhahabu kwa zebaki, akaona mikono inatetemeka, fizi zinauma na mate yanajaa, asitafute kidonge cha kukausha mate. Hiyo inaweza kuwa zebaki yenyewe, na kidonge kitaficha dalili huku mvuke unaendelea kuingia mapafuni.

Bibi na mtoto

Mwili wa mzee unasafisha dawa polepole na ubongo wake una akiba ndogo ya asetilikolini. Marekani, daktari Mark Beers alianza mwaka 1991 orodha ya dawa ambazo wazee wasipewe ovyo, na hadi leo dawa za kukausha zimo kwa wingi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wazee 3,434 wa eneo la Seattle: waliotumia dawa hizi kwa wingi na kwa miaka mingi walipata ugonjwa wa kusahau zaidi ya wengine. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini unatosha kumfanya mtu asite.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kusita, nayo inatisha zaidi. Mchukue bibi wa miaka 70 kijijini. Kliniki ya kisukari imempa amitriptilini kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Mwili unamwasha, mjukuu anamletea Piriton. Anakohoa, mkwe anamletea chupa. Usiku wa tatu bibi anaamka, anaokota hewani vitu ambavyo hakuna anayeviona, anachuna blanketi, anamsalimia marehemu mumewe, anatoka nje akiwa hajavaa sawasawa. Kesho yake kijiji kizima kimesikia. Kanda hii, Shinyanga hadi Geita na Mwanza, imewahi kuua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu ya moshi wa jikoni yakafanywa ushahidi. Kuweweseka usiku kunaweza kufanywa ushahidi vilevile.

Bibi akibadilika ghafla, ndani ya siku au wiki, anza na kibahasha chake cha dawa. Kusanya kila anachomeza, mpeleke naye zahanati, sema lini alianza kipi. Apimwe malaria, sukari na maambukizi ya mkojo pia, kwa sababu navyo huvuruga akili za wazee. Kuweweseka kunakoletwa na dawa mara nyingi hutulia ndani ya siku chache dawa ikiondolewa. Lakini msizikatishe wenyewe kwa mkupuo zile za kila siku. Amitriptilini, Largactil na Artane hupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi.

Na mtoto mchanga. Mama anayeponda mawe au kuosha mchanga kwenye mwalo anahitaji mtoto alale, na ipo dawa ya maji inayomlaza. Promethazini isimguse mtoto aliye chini ya miaka miwili. Inaweza kumsimamishia pumzi. Wengine badala ya kulala hurukaruka na kulia bila kunyamaza, mama akaongeza kijiko. Kijiko hicho cha pili ndicho cha kuogopa.

Pamba na mnanaha

Ipo siku dawa ya kukausha ndiyo itakayokuokoa, na wakulima wa pamba wa Shinyanga wanapaswa kuijua siku hiyo. Baadhi ya viuatilifu vya pamba ni vya kundi la oganofosfeti, na kazi yake ni kinyume cha yote niliyoeleza: asetilikolini haivunjwi, inajazana. Aliyepuliza bila kinga au aliyekunywa anatokwa na mate, machozi na jasho, anahara, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mapafu yanajaa maji. Hospitali humchoma atropini, ambayo ni dawa ya kukausha yenye nguvu, tena kwa dozi kubwa zinazorudiwa mpaka mapafu yakauke. Nyumbani usijaribu kuiga kwa Buscopan. Mvue nguo zenye dawa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glavu au mifuko mikononi, na gari litafutwe wakati unaendelea kumwosha.

Atropini hiyo imo pia kwenye mnanaha, lile gugu lenye ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda la miiba, linalopenda kuota kwenye mazizi ya zamani na pembezoni mwa mashamba. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada ulikutwa umechanganyika na mbegu zake; karibu watu 300 waliugua na watano wakafa. Ukipepeta mahindi au mtama, mbegu ndogo nyeusi bapa zenye umbo la figo zitoe. Na mganga akikupa unga wa kunywa wakati upo kwenye vidonge, mwambie unavitumia, kisha muulize mti gani. Akikataa kuutaja, kataa kunywa.

Mtu akizidiwa

Aliyezidiwa na dawa za kukausha, mtoe kwenye joto. Mpeleke kivulini, mvue buti na nguo nzito, mmwagie maji mwilini na mpepee. Akiwa na akili timamu mpe maji kwa kunywa kidogokidogo. Akiwa amevurugika au amezimia usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Asiachwe peke yake, na kamwe asikae karibu na mdomo wa duara, kwa sababu anaona njia pasipo na njia.

Mbebee maganda yote ya dawa, hata yaliyookotwa chini ya godoro, na useme wazi kama kulikuwa na gongo au bangi. Mhudumu haiti polisi, anatafuta jibu. Mwambie mara ya mwisho mgonjwa kukojoa ilikuwa lini. Na litamkeni mapema kwamba amemeza dawa za kundi hili, kwa sababu mgonjwa anayechachamaa anaweza kuchomwa Largactil ili atulie, na Largactil inakausha vilevile. Kwa mtu wa namna hii diazepamu ndiyo huwa salama zaidi. Degedege, kuzimia, joto lisiloshuka au moyo unaodunda ovyo ni safari ya hospitali ya rufaa ya mkoa Shinyanga, si ya kusubiri asubuhi.

Dirishani

Maduka ya Dawa Muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 ili kuondoa ubabaishaji wa maduka ya dawa baridi. Mwenye duka la namna hiyo ana kibali ukutani na mtoa dawa aliyepitia mafunzo. Tafuta kibali hicho kwa macho kabla ya kutoa pesa. Si kila dirisha la machimboni linacho, na wenye nacho wanastahili biashara yako.

Ukishafika, anza na unachokunywa tayari, ndipo useme unachoumwa. "Dokta, nipo kwenye dawa za presha, na jana nilimeza Piriton. Leo tumbo linasokota." Kisha omba mambo mawili: akuandikie jina la kila dawa kwenye kibahasha chake, kila dawa na kibahasha chake, na akuambie ipi inasinzisha. Kama kuna mbili za kukausha, muulize ipi iondoke. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba mafua yangeisha yenyewe.

Ukipata madhara, rudi ukaseme. Vituo vya afya vina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwa TMDA, mamlaka ya dawa iliyorithi kazi hiyo kutoka TFDA mwaka 2019. Mwombe mhudumu aijaze ukiwa umekaa mbele yake.